Jopo la Kumtafuta Mwenyeji

Katika makaburi ya zamani ya Mulgarra ilikuwa imebaki nafasi moja tu, nayo ilikuwa ubavuni mwa Clarrie Pengelly. Mjane wake, Bi Zorka, aliitaka. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, daktari alikuwa amemwambia apange mambo yake, na jambo lake lilikuwa hilo moja: alale pale, si kwenye makaburi mapya ng'ambo ya barabara kuu, ambako malori ya ng'ombe hayalali na upepo haukuti mti wa kuuzuia.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya makaburi, na lingekuwa langu peke yangu ningempa siku ileile. Lakini kanuni tuliyorithi kwa babu zetu inasema makaburi ya zamani ni ya wenyeji wa Mulgarra. Babu zetu hawakueleza mwenyeji ni nani. Nadhani waliona ni sawa na kueleza maji ni nini.

Bi Zorka alikuja akiwa msichana kutoka pwani ya Dalmatia, huko Ulaya, kupika katika kambi ya wachimba mifereji. Clarrie alikwenda kambini kupeleka kuni, akapewa sahani, akarudi kuomba ya pili, na hiyo ya pili ikachukua nusu karne. Tulikuwa marafiki, mimi na yeye, ndiyo maana Bi Zorka huniita shemeji. Nilimwambia Clarrie zaidi ya mara moja, tukiwa klabuni, aishike nafasi ya mkewe mapema. Akasema mwanamume akimnunulia mke kaburi, mke ataanza kuuliza maswali.

Labda tungelimaliza kimyakimya kama si Bwana Lionel Keast. Huyu alikuwa meneja wa bima mstaafu huko Sydney. Zamani mama yake alikuwa safarini kwa treni, uchungu ukamshika, akateremshwa Mulgarra, akajifungua kwenye chumba cha kusubiria abiria. Treni iliyofuata ikawachukua wote wawili. Bwana Keast hakurudi tena, lakini uzeeni aliingiwa na hamu ya kulala alipozaliwa, akaomba nafasi hiyohiyo. Mwenyeji, aliandika, ni mtu aliyezaliwa mahali. Vinginevyo neno hilo halina maana. Akataja mwanasheria wake, na mara mbili.

Wanakamati wenzangu waliposikia habari ya mwanasheria waliona ni bora jambo liende halmashauri. Mkurugenzi wa halmashauri yetu ni Trevor Hallinan. Ni mtu mwema, lakini ukimuuliza kama mvua inanyesha ataomba ripoti. Akaita chuo kikuu, na chuo kikuu kikamleta Daktari Rosalind Prewett, bingwa wa sayansi ya jamii, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole na gari lililojaa karatasi.

Alitueleza njia yake. Ukiwaweka wataalamu chumba kimoja, alisema, mwenye sauti kubwa hushinda na mwenye akili hunywa chai. Kwa hiyo kila mtaalamu hukaa kwake. Hutumiwa maswali, hujibu kwa namba kati ya moja, uzito mdogo, na tisa, uzito mkubwa, na jina lake halitajwi. Kisha wote huonyeshwa namba ya katikati pamoja na maoni ya wenzao, huulizwa tena, na tena, mpaka namba zikaribiane. Zikishakaribiana, hayo ndiyo makubaliano ya wataalamu, na mahakamani yana nguvu kuliko maneno ya mkurugenzi. Trevor alipoyasikia hayo ya mwisho alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Njia yenyewe si ya kipuuzi. Nimekaa vikao vingi, najua ni mara ngapi jambo hupita kwa sababu aliyelisema ana sauti nene. Nilipoalikwa kuingia katika jopo kama mtaalamu wa makaburi, sikukataa. Wengi katika jopo walikuwa watu wa vyuo: wa mila, wa ramani, wa idadi ya watu, wa uchumi wa miji midogo, hata mmoja aliyeandika kitabu kizima kuhusu hisia ya kuwa nyumbani. Wa hapa tulikuwa wawili tu. Wa pili alikuwa Shangazi Verna, ambaye watu wake walikuwa kwenye mto huu kabla Wazungu hawajafika na kuutia kwenye ramani. Mji mzima humwita Shangazi, na yeye hutuita sisi wazee vijana.

Dodoso la kwanza nililijaza maktabani nikiwa nimevaa tai. Liliuliza mambo mengi. Kuzaliwa mjini kuna uzito gani? Kufanya kazi mjini? Kuwa na ndugu makaburini? Kuichezea timu ya mji? Na mtu akae miaka mingapi kabla ya kuitwa mwenyeji? Kwenye kuzaliwa niliweka nne, nikimfikiria Bi Zorka. Majibu yaliporudi, namba ya katikati ilikuwa nne ileile. Nilifurahi. Nilipita nyumbani kwake nikamwambia mambo yanakwenda vizuri.

Lakini chini ya namba kulikuwa na maoni ya mtu mmoja, bila jina: "Wapo wanaohisi kwamba kuzaliwa mahali kuna uzito ambao mtu wa nje hawezi kuuelewa."

Mimi nilidhani ni maneno ya Shangazi Verna. Watu wa vyuo, kama nilivyojua baadaye, walidhani ni maneno yangu. Nao ni watu waungwana. Hawakutaka kumdharau mzee wa mji mdogo. Wote wakapandisha kidogo. Mzunguko wa pili, namba ya katikati ikawa sita.

Sasa, jopo lilikuwa na sharti moja. Aliye karibu na katikati haulizwi kitu. Aliye mbali anatakiwa aandike ukurasa mzima wa sababu. Nilibaki kwenye nne, nikaandika ukurasa wangu, nikausoma mara mbili kabla ya kuutuma. Hapakuwa na jibu. Watu wa vyuo, ambao huandika kurasa kwa mshahara, hawakuwa tayari kuandika hata moja ya bure, na kila aliyekuwa nyuma alisogea mbele ili asiandike. Mzunguko wa tatu ikawa saba. Hapo nikaanza kufikiri. Watu hawa wamesomea haya mambo maisha yao yote. Ikiwa wote wanakwenda upande mmoja, huenda wameona kitu nisichokiona. Nikasogea hadi sita, nikijiambia kwamba namba moja haimzuii mtu kuzikwa.

Shangazi Verna yeye hakusogea. Kwenye kuzaliwa aliweka moja. Kwenye miaka aliandika elfu arobaini, ndiyo miaka ya watu wake hapa. Kompyuta ikaona amekosea kuandika, ikamsahihishia ikaweka arobaini. Akaandika tena elfu arobaini, na safari hii akaongeza kwenye sababu zake: tokeni nje mtazame. Siku chache baadaye akanipigia simu.

"We kijana, wamenifuta."

"Wamekufutaje, Shangazi?"

"Eti jibu langu liko mbali mno na katikati, linaharibu hesabu. Mimi niko hapa. Wao wako Canberra na Melbourne. Halafu aliye mbali ni mimi."

Nikamuuliza kama atalalamika. Akasema hapana, ila atakuja kwenye chakula cha kufunga jopo, kwa sababu tumbo lake halijafutwa.

Baada ya mzunguko wa nne Daktari Prewett alitangaza kwamba jopo limekubaliana. Kipimo cha makubaliano, alisema, kilikuwa cha juu kuliko vyote alivyopata kuviona katika kazi yake. Kwenye kazi wataalamu hawakuafikiana, kwa hiyo kazi ikaondolewa. Kwenye miaka hawakuafikiana, ikaondolewa. Ndugu, timu, klabu, vyote vilitupwa nje kwa sababu watu walivifikiria sana na kila mtu akawa na lake. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekibishia: mwenyeji wa Mulgarra ni mtu aliyezaliwa ndani ya mipaka ya mji wa Mulgarra.

Ilibidi mimi nimpelekee Bi Zorka habari. Nilimkuta jikoni akimenya pilipili hoho alizozichoma. Nikazunguka kwanza kwenye hali ya hewa, kisha bei ya mafuta, mpaka akaweka kisu chini. Nikamwambia. Hakulia. Aliuliza tu nafasi hiyo sasa ni ya nani, nikasema ya Bwana Keast.

"Yule wa kwenye treni?"

"Yule yule."

"Amelala hapa usiku hata mmoja?"

"Usiku mmoja, nadhani. Treni ilichelewa."

Akarudi kwenye pilipili zake. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Shemeji, kila mtu aliyezikwa pale tangu nifike nimempikia matanga. Mimi mtanizika wapi, jikoni?"

Akaniuliza nani atapika chakula cha kufunga jopo. Nikasema akina mama wa chama, sandwichi za yai kama kawaida. Akauliza nani atawaambia kwamba atapika yeye. Nikasema nitawaambia mimi.

Siku ya chakula wataalamu walifika kwa mabasi mawili madogo, na ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana. Ukumbi wa chama cha akina mama ulinukia kabichi za kuviringishia nyama na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Bwana Keast alikuja kutoka Sydney amevaa suti, akampa kila mtu mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Shangazi Verna aliketi karibu na sahani kubwa. Trevor alikaa mlangoni na simu yake.

Watu wakala. Ukila chakula cha Bi Zorka unalegea, na wataalamu walilegea. Mama aliyeandika kitabu cha kuwa nyumbani akanigeukia akaniambia kwa heshima kwamba alivutiwa sana na maoni yangu kuhusu uzito wa kuzaliwa. Nikamwambia maoni hayo si yangu, ni ya Shangazi. Shangazi, mdomo umejaa, akatikisa kichwa kukataa. Bwana wa ramani akasema yeye alipanda hadi nane kwa kuwaheshimu wenyeji. Wa uchumi akasema yeye kwa kumheshimu wa ramani, ingawa hakujua ni yeye. Mmoja baada ya mwingine wakasema hivyohivyo: mwenyewe hakuamini, alidhani wenzake wanaamini.

Mwishowe Profesa Lomax, mtaalamu wa mila, mzee mwenye nyusi kama brashi, akaweka uma chini. "Maoni yale niliyaandika mimi," alisema. "Lakini sikusema nahisi hivyo. Nilisema wapo wanaohisi."

"Wepi?" akauliza Bi Zorka, aliyekuwa amesimama nyuma yake na bakuli.

"Nilidhani ninyi."

Bi Zorka akaliweka bakuli mezani. Akawatazama wote kwa zamu, kama anavyotazama mikate kuona upi umeiva. "Kati yenu, nani anaamini kwamba Bwana Keast ni mwenyeji na mimi siye? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha, ila Bwana Keast, na yeye hakuwa kwenye jopo.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa sijamjua Daktari Prewett. Alisimama, akaeleza kwa upole uleule kwamba anauelewa uchungu uliomo chumbani, lakini maneno ya mezani hayahesabiki. Yamesemwa kwa majina, watu wakiwa wametazamana, na tena wakiwa wameshiba. Hayo ndiyo hasa njia yake iliundwa kuyazuia.

"Lakini hakuna anayekubaliana na jibu hilo," nilisema.

"Bwana Selwyn," akanijibu, "makubaliano yapo. Yamepimwa. Hayahitaji mtu wa kukubaliana nayo."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi, na sijapata mahali pa kuyashika. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Kuhusu wataalamu hawakuacha kauli.

Bwana Keast alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Bi Zorka hakurudi jikoni. Alivuta kiti akaketi katikati ya maprofesa, akauliza kitu kingine, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Kama mwenyeji ni aliyezaliwa ndani ya mji, Clarrie je? Clarrie alizaliwa Tarrabine.

Hapo lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa Mulgarra analijua kiasi kwamba hakuna aliyelifikiria. Mji wetu haujawahi kuwa na wodi ya wazazi. Mama akikaribia huvushwa daraja, kwenda hospitali ya Tarrabine, ambako hata ni jimbo jingine. Mimi nilizaliwa Tarrabine. Trevor, Tarrabine. Wachezaji wote wa timu yetu, ambao huwachukia Tarrabine kila Jumamosi ya msimu, ni wazaliwa wa Tarrabine. Na kabla ya hospitali, watu walizaliwa mashambani, nje ya mipaka. Shangazi Verna alizaliwa kambini kwenye kona ya mto, hatua chache nje ya mpaka, kwa sababu siku hizo polisi hawakuwaruhusu watu wake kulala ndani.

"Mume wangu si mwenyeji," alisema Bi Zorka. "Na amelala pale. Nani mwingine si mwenyeji na amelala pale?"

Nikayapita makaburi kichwani, safu kwa safu, kwa maana nayajua. Sikumpata mwenyeji hata mmoja. Diwani wa kwanza, mwokaji mikate, wale vijana walioletwa kutoka vitani, mchungaji aliyejenga kanisa: wote wa kuja. Nilipolisema hilo kwa sauti, Trevor alitoka nje na simu. Tulimwona dirishani akizunguka nguzo ya bendera.

Aliporudi alikuwa amepauka. Mwanasheria wa halmashauri, alituambia, anasema hali ni mbaya. Kwa kanuni ya kamati na kwa makubaliano ya wataalamu, marehemu wote wa Mulgarra wamelala pale bila haki. Mtu yeyote anaweza kuishitaki halmashauri. Njia ni mbili. Ama wafukuliwe wote wahamishwe, au kanuni ifuate hali halisi ya waliomo.

"Hali halisi gani?" akauliza Profesa Lomax.

"Kwamba ni makaburi ya wageni," alisema Trevor.

Daktari Prewett alipendekeza jopo jipya, la mizunguko minne, kuhusu mgeni ni nani. Trevor, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alifanya uamuzi. Alisema mgeni ni asiye mwenyeji, na mwenyeji tayari ameshapatikana kisayansi. Aliwaomba wataalamu waseme kama wanaafikiana. Kila mmoja alimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, kisha mikono yote ikapanda pamoja. Shangazi Verna naye aliunyoosha wake, akakumbuka kwamba amefutwa, akautumia kuchukua kabichi nyingine.

Ilichukua muda kabla Bwana Keast hajaelewa. Alipoelewa alisimama akasema kuna kosa. Yeye hana anayemjua hapa. Hajui hata duka liko wapi. Asubuhi hiyo alipotea akaenda kwenye ghala la nafaka, na aliyemwelekeza alimwita "wewe wa kuja". Kadiri alivyozidi kuthibitisha ugeni wake, ndivyo Trevor alivyozidi kusikitika.

"Nakuelewa, bwana. Lakini wewe ndiye mwenyeji wetu. Wataalamu wamekubaliana."

"Basi nizikwe wapi?"

Trevor akasema halmashauri itatenga eneo la wenyeji, watakapokuwa wengi. Bwana Keast akaketi. Bi Zorka alimhurumia, akamkatia kipande kikubwa cha keki ya walnati, akamfungia na kingine cha safarini. Akamwambia asiwe na haraka, Sydney nako watu huzikwa.

Kanuni ilibadilishwa mwezi huohuo, na langoni kukawekwa kibao kipya cha kijani: Makaburi ya Wageni, Mulgarra. Nilikwenda kwa Bi Zorka na hati ya nafasi yake. Nilitegemea furaha. Aliishika hati, akaisoma sehemu iliyosema mwombaji amethibitika kuwa mgeni, akaikunja polepole.

"Miaka yote hii, shemeji, nilikuwa napigana neno hilo lisinishike," alisema. "Dukani, kanisani, klabuni. Nilipunguza hata vitunguu saumu. Sasa nalishika mwenyewe ili nimpate mume wangu."

Nikamwambia sote tunalo. Mimi pia ninalo.

"Wote mle ndani?"

"Wote."

"Hata mama yake Clarrie?"

Mama yake Clarrie, Bi Hester Pengelly, amelala upande wa pili wa mwanawe. Alikuwa mwanamke mkali, wa familia iliyojiita ya kwanza mjini, na mpaka anakata roho hakuwahi kumwita mkwewe kwa jina. Alimwita mgeni: mgeni alete chai, mgeni amechoma nyama. Nilimwambia Bi Zorka kwamba Bi Hester alizaliwa shambani, maili moja nje ya mpaka.

Akanyanyuka akavaa kofia, akataka nimpeleke saa ile. Pale langoni alinishika mkono, akakisoma kibao chote mpaka mwisho, midomo ikicheza. Tukaenda taratibu kwa ajili ya moyo wake. Nilidhani atasimama kwanza kwa Clarrie, lakini alimpita, akamgusa jiwe tu kama unavyomgusa mtu bega ukipita nyuma ya kiti chake. Alisimama mbele ya mama mkwe. Akapangusa majani makavu kwenye jiwe, akanyoosha gauni lake kama mwenye nyumba aliyesikia hodi.

"Karibu, mama," alisema. "Jisikie uko nyumbani."